Aliyeahidi Kushuka Kaburini

Asubuhi ile Hoza aliwasalimia watu wote kama kawaida yake, mmoja mmoja, kwa majina yao, na hapo ndipo msiba wa Mzee Kopwe ulipoharibika.

Bi Mwanjaa, mjane, alikuwa amekaa mkekani chumbani, miguu ameinyoosha, kanga ya kufutia machozi imelowa mapajani. Mumewe alikuwa amekata roho alfajiri, kimyakimya, kama mtu anayetoka chumbani bila kutaka kuwaamsha wenzake. Wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kuingia. Bangili ya kazi iliyokuwa mkononi mwa mjane ikatetemeka na kutoa mwanga wake wa kijani, kisha sauti nzito yenye mikwaruzo, ambayo kila mtu wa Mkuzwe angeitambua hata usingizini, ikasema:

"Mwanjaa, dada yangu. Nimesikia. Kopwe ametangulia?"

"Ametangulia, Hoza. Ameniacha."

"Inna lillahi." Ukasikika ule mguno wa Hoza, mguno wa mtu anayetafuta miwani mfukoni. "Pole, dada. Pole sana. Msizike mpaka nifike. Nakuja nishuke mwenyewe. Unakumbuka tulivyoahidiana mimi na yeye."

"Nakumbuka."

"Basi nisubirini."

Chumba kizima kilisikia. Wanawake wakatazamana, na hata waliokuwa wakilia wakanyamaza kidogo. Tangu Hoza, bosi wa kiwanda cha chai, aende kutibiwa India hakuna aliyemwona kwa macho. Waliishia kumsikia tu kwenye bangili kila kukicha. Habari ikatoka chumbani ikaingia barazani, ikateremka bondeni kwenye mistari ya chai, ikapanda upande wa pili. Kabla maji ya msibani hayajachemka, Mkuzwe nzima ilijua kwamba Hoza anarudi.

*

Zamda alikuwa juu kiwandani, kwenye ghorofa ambako majani mabichi ya chai hutandazwa yanyauke, habari ilipomfikia. Aliyeileta ni Tabia, mdogo wake Bi Mwanjaa, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi.

"Bosi Sista, usinitazame hivyo, sikuja kupimwa presha," Tabia alisema akihema kwa kupanda ngazi. "Nataka yale masufuria makubwa ya kantini. Na mwiko wake."

Walimwita Bosi Sista kwa sababu kabla ya kuletwa Mkuzwe kuongoza kiwanda alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya mkoa, na utani ule alikuwa ameuzoea.

"Pole sana kwa kufiwa, Tabia. Nilikuwa najiandaa nije. Mnazika saa ngapi?"

"Ilikuwa tuzike adhuhuri. Sasa tunamsubiri Hoza."

Zamda alikuwa ameshika konzi ya majani. Aliyarudisha taratibu kwenye wavu. "Hoza gani?"

"Kwani tunao wangapi? Kamwambia dada kwa mdomo wake, msizike mpaka nifike. Ee, na wewe jiandae! Akikuta umemwekea mapazia ya maua ofisini kwake atacheka mpaka akohoe." Tabia mwenyewe alicheka, macho yake yakiwa bado mekundu. Kisha kicheko kikamwishia. "Shemeji yangu angefurahi. Kila siku alikuwa anasema, Hoza akirudi, Hoza akirudi."

Zamda alimsaidia kubeba masufuria mpaka mlangoni. Alipobaki peke yake alikaa juu ya gunia tupu.

Hoza alikuwa amekufa. Alifia hospitalini India, wakati wa mvua za vuli zilizopita, na akazikwa hukohuko. Watoto wake, ambao walihamia ng'ambo zamani, walikubali Kampuni ya chai iendelee kuitumia sauti yake. Zamda aliambiwa hayo siku alipokabidhiwa kiwanda, na akaambiwa pia asiyaseme. Akakubali. Alijiambia ni mpaka msimu uishe.

Siku hizo viongozi walikuwa wakihamishwa hivyo, kutoka kazi moja kwenda kazi isiyofanana nayo. Aliyeendesha bandari alipewa shule, aliyeendesha shule akapewa benki. Kwenye mafunzo waliimbishwa kwamba kuongoza ni kuongoza tu, kitu kinachoongozwa hakina neno. Zamda alipewa chai, ambayo hadi wakati huo aliijua ikiwa kikombeni. Wakubwa walisema watu wa hospitali wanajua kutuliza watu, na Mkuzwe palihitaji mtu wa kutuliza.

Na Mkuzwe, kama ilivyokuwa kwingine kote, hapakuwa na mtu aliyeajiriwa. Kila alfajiri bangili ilimletea mtu kazi za siku ile. Shamba la maua kule bondeni linataka mikono. Ghala la parachichi linataka mikono. Kiwanda cha Mkuzwe kinataka mikono. Mtu alibonyeza anakotaka kwenda, na jioni watu wakaachana, hakuna anayemwekea mwenzake hata salamu. Shamba la maua lilikuwa na ujira mkubwa zaidi. Lakini Hoza, enzi za uzima wake, alikuwa akiingia ofisini kabla ya mapambazuko na kuwasalimia watu wake kwenye bangili, mmoja baada ya mwingine, kabla bangili haijataja kazi yoyote. Aliuliza mguu unaendeleaje. Aliuliza binti amejifungua salama. Na mtu akishaulizwa hivyo aliona haya kwenda kwa mwingine.

Mashine ya Kampuni ilikuwa ikisikiliza salamu zile kwa miaka mingi. Hoza alipoanza kuumwa ikawa inasalimia badala yake, kwa muda tu, mpaka apone. Hakupona, nayo haikunyamaza. Ofisini iliitwa Sauti.

Wahandisi waliiwekea Sauti mipaka. Isiahidi ujira. Isiahidi cheo wala mapumziko, wala jambo lolote ambalo mtu anaweza kulipeleka mahakamani. Kuzika hakuna aliyekufikiria. Kwao maneno ya msibani yalikuwa salamu, kama "habari za asubuhi". Na Hoza, kila alipopelekewa habari ya kifo katika milima ile, alijibu maneno yaleyale: msizike mpaka nifike. Sauti ilijifunza vizuri sana.

Hoza, lakini, alikuwa akifika.

*

Picha ya Mkurugenzi Lyatuu wa Kampuni ilitokea kwenye ukuta wa ofisi kabla Zamda hajamwita. Kabla ya kupewa chai aliendesha viwanja vya ndege, na mpaka leo aliongea kama mtu anayewatangazia abiria kuwa ndege itachelewa kidogo.

"Bi Zamda, nimeshaiona. Ni kasoro ndogo."

"Kuna maiti inasubiri, Mkurugenzi."

"Ndiyo maana tuirekebishe sasa hivi. Nimekutumia maneno kwenye bangili yako. Sauti itasema kwamba daktari amemzuia kusafiri, wazike, yeye atawaombea hukohuko aliko. Tutapeleka mchele, sukari na ng'ombe. Wewe weka kidole gumba tu, itasema."

Zamda aliitazama bangili yake. Maneno yalikuwepo, yameandikwa kwa lafudhi ya Hoza, hata "dada yangu" ilikuwepo mahali pake. Chini yake duara dogo la kijani lilikuwa likiwaka na kuzima, likisubiri kidole.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tunamstaafisha polepole. Leo anasalimia, kesho anaruka, keshokutwa anasalimia wachache. Watu wanazoea. Wewe ndiye umetoka hospitali, Bi Zamda, wewe ndiye wa kunifundisha mimi kutuliza watu."

"Hospitalini hatukuwatuliza watu kwa kuwafichia maiti zao."

Lyatuu alivua miwani akaifuta kwenye tai. Alipoongea tena ile sauti ya matangazo ilikuwa imemtoka.

"Sikiliza, dada yangu. Kila asubuhi, kabla sijanywa kitu, naangalia Mkuzwe imepata mikono mingapi. Nakuwa na hofu. Siku watakapojua, wataenda zao kwenye maua, na sitawalaumu. Kiwanda kitafungwa. Lakini huyo mjane, na vidole vyake vile, nani atamtaka kwenye maua? Wanataka vijana. Huyo mdogo wake je? Ukiwaambia, unawaambia kwa faida ya nani? Yao, au ili wewe ulale?"

Zamda aligeukia dirisha.

"Na usije ukaisitisha," Lyatuu aliendelea. "Najua kidole chako kinaweza. Lakini sheria unaijua. Sauti ya marehemu ikisitishwa mara moja haiwashwi tena mpaka kila anayeisikia aambiwe ni ya nani na mwenyewe yuko wapi. Ukiizima umeizima moja kwa moja. Nakuomba. Weka kidole, waache wazike kwa amani."

Ukuta ukarudi kuwa ukuta. Duara la kijani likaendelea kuwaka na kuzima.

*

Adhuhuri ilipita. Wanaume walisali msikitini wakarudi, wakakaa kwenye mabenchi chini ya turubai, macho yao yakirudirudi barabarani. Kila gari lililosikika likipanda mlima mtu alisimama. Lilipopita na kuendelea na safari yake alikaa tena, akajifanya alikuwa ananyoosha mgongo.

Maalim Dhahabu, imamu wa pale, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikuwa ameshachoka. Zamda alimkuta amesimama mlangoni, anaongea na pazia.

"Bi Mwanjaa, mama yangu, maiti haiwekwi hivi. Ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, kaburi liko wazi. Alasiri ikiingia tunamsalia na tunamzika, Hoza awepo asiwepo."

"Kama mnamzika bila Hoza," sauti ya mjane ilijibu kutoka ndani, bila hasira, "chimbeni kubwa zaidi, mniweke na mimi."

Maalim alimgeukia Zamda, akainua mikono yake kidogo. "Bosi, wewe ndiye mkubwa wake siku hizi. Labda wewe atakusikia."

Zamda alivua viatu akaingia.

Chumbani palinuka ubani na marashi ya karafuu. Wanawake walimpisha. Bi Mwanjaa alimshika mkono, akamketisha kando yake, na kwa muda walikaa tu, kwa sababu ndivyo mtu akaavyo msibani. Vidole vya mwanamke yule vilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka, rangi ya watu waliochuma chai tangu usichana.

"Umechoka, mwanangu," Bi Mwanjaa alisema. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Tabia, mletee Sista chai." Kisha akainamisha kichwa. "Wananiona nimepata wazimu. Nawasikia huko nje. Lakini wewe hukuwepo alipokufa mwanangu Hemedi. Mvua ile, kaburi linajaa maji, watu wanayachota kwa ndoo. Hakuna aliyetaka kushuka. Akashuka baba yake, na Hoza akavua koti lake la kibosi akashuka naye. Wawili wale ndio waliompokea Hemedi wangu. Walipotoka hujui yupi bosi yupi mkaushaji wa chai, wote udongo mtupu. Wakaja hapa, nikawapa magimbi, wakala na udongo wao mikononi. Ndipo Kopwe akasema, sisi wawili, atakayetangulia, mwenzake ashuke. Hoza akasema, nimekubali. Wakashikana mikono, na gimbi mdomoni!"

Alicheka kidogo, na wanawake wakacheka naye, halafu wote wakajifuta macho.

"Jana tu," akaendelea, "kifua kimembana hawezi hata kulala chali, akaomba niiweke bangili sikioni mwake. Akasema, Hoza, rudi bwana, mimi naondoka. Hoza akamjibu, nisubiri ndugu yangu, usiniache nyuma. Akatulia. Usiku kucha alikuwa ametulia."

Zamda alihisi bangili yake ikitetemeka chini ya mtandio. Lile duara. Alikuwa na uwezo wa kuligusa sasa hivi bila mtu kuona. Sauti ingeomba radhi, mama huyu angelia, wangezika. Kesho asubuhi Hoza angemuuliza amelalaje. Ingekuwa jambo jepesi, na hata la huruma, na alikaa na huruma hiyo mkononi kwa kitambo.

Lakini alikumbuka wodini. Kulikuwa na namna moja tu ya kuifikisha habari ya kifo, na aliifundisha kwa wauguzi wote waliopita mikononi mwake. Kaa, usisimame. Mtaje mtu kwa jina. Tumia neno lenyewe, usilizungushe, kwa maana neno la kuzungusha humwachia mtu mlango wa kusubiri, naye atasubiri hapo maisha yake yote. Ukishasema, nyamaza, na usiondoke.

"Bi Mwanjaa," alisema. "Salimu Hoza amekufa."

Tabia alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Alikufa hospitalini, vuli iliyopita. Amezikwa India. Aliyekuwa akiwasalimia tangu wakati huo ni mashine ya Kampuni iliyofundishwa sauti yake. Nilijua. Nilijua tangu nilipofika, na nilinyamaza."

"Muongo!" Chai ilimwagika mkononi mwa Tabia na hakuonekana kuihisi. "Asubuhi kaongea! Kaniuliza jino langu! Mashine itajua jino langu? Unataka kiti chake tu wewe, unataka tukusahaulie Hoza!"

"Tabia," dada yake alisema.

"Si anasema uongo, dada? Mwambie anasema uongo!"

Bi Mwanjaa alikuwa akimtazama Zamda usoni. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau wapi.

"Vuli," akasema. "Vuli Kopwe alikuwa mzima. Alikuwa anapanda ngazi zile za kiwanda na gunia begani."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo aliyetangulia ni Hoza."

Zamda aliitikia kwa kichwa.

"Basi Kopwe ndiye aliyetakiwa kushuka." Bi Mwanjaa alilisema polepole. "Sisi tumekaa hapa tunamlaumu Hoza moyoni kwamba kachelewa, kumbe Kopwe wangu ndiye ambaye hakwenda. Mume wangu amekufa na ahadi imevunjika mkononi mwake, na hakujua. Angeenda, Sista. Angeuza mbuzi, angeuza bati za nyumba hii, angeenda huko India."

"Najua angeenda."

"Nani alimshukia?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Watu wa huko, labda. Watu wasiomjua."

Hapo ndipo Bi Mwanjaa alipolia. Asubuhi nzima alikuwa akifuta machozi ya mjane, yale ambayo kila mtu aliyatarajia. Haya yalikuwa mengine. Alijikunja akaweka paji la uso kwenye goti la Zamda, na Zamda akaweka mkono mgongoni mwake, akanyamaza, hakuondoka.

Nje, Maalim alianza kuadhini alasiri.

Bi Mwanjaa aliinuka, akajifunga kanga upya. "Tabia. Toka ukawaambie wazike. Kaka yetu ashuke. Wakishamaliza kumfukia, wasitawanyike. Wasimame hapohapo, wamsalie na Hoza sala ya asiyekuwepo."

*

Mkuzwe walikuwa na desturi yao: makaburini mtu hakwenda na bangili, kazi isije ikamwita katikati ya dua. Wanaume walizivua moja moja wakaziacha kwenye mkeka wa barazani, rundo dogo linalong'aa, kisha wakalibeba jeneza, wakapokezana mabega, wakipotea taratibu kwenye kona ya mistari ya chai. Habari ilikuwa imeshawafikia. Ilionekana katika namna walivyotembea. Hakuna tena aliyeangalia barabara.

Wanawake walibaki barazani. Tabia alikaa kwenye ngazi, amewapa mgongo.

Ndipo bangili zikawaka.

Ilikuwa saa ya kutoka kazini, saa ambayo Hoza alikuwa akiwashukuru watu wake. Rundo lote la mkekani likaanza kuongea kwa pamoja, sauti ile moja ikitoka mahali pengi, ikijipanda yenyewe. Shekigenda, ahsante ndugu yangu. Mbelwa, mtoto yule homa imeshuka? Singano, pole na kazi. Na juu ya hayo yote, sasa kwa huyu, sasa kwa yule: tuna msiba leo, nisubirini, niko njiani. Niko njiani. Niko njiani.

Mwanamke mmoja aliziba masikio ya mjukuu wake. Bangili ya mkononi mwa Tabia nayo ikatetemeka.

"Tabia. Jino linaendeleaje, dada?"

Tabia aliishika bangili kwa mkono mwingine, akaikumbatia kifuani. Alipogeuka hakuwa na ule ukali tena.

"Unaweza kumzima?" alimuuliza Zamda.

"Naweza. Nikimzima harudi. Na kiwanda..." Zamda aliwaambia yote, kama Lyatuu alivyomwambia yeye: mikono, maua, kufungwa. Hakupunguza kitu. "Nisipomzima, kesho asubuhi atawasalimia."

"Usimzime," Tabia alisema kwa sauti ndogo. "Najua ni bati tu. Sawa, nimeelewa. Lakini wanangu wako mbali, hawapigi. Hakuna mwingine anayeniuliza nimelalaje. Bosi Sista, mwache. Mwache asalimie tu, tutajifanya hatujui."

Wanawake wawili watatu wakainamisha vichwa, na Zamda akaona kwamba nao walitaka hivyohivyo.

Bi Mwanjaa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, kwa sababu eda ilishaanza na hakutaka kutoka zaidi ya hapo. Alikuwa akizitazama bangili.

"Leo asubuhi," alisema, "mtu wa kwanza kufika hapa alikuwa wewe, Tabia. Ulimfanya nini shemeji yako?"

"Nilimfumba macho."

"Na nini tena?"

"Nilimfunga kidevu. Na kitambaa."

"Kwa nini?"

"Ili mdomo usibaki wazi, dada."

"Mdomo usibaki wazi." Bi Mwanjaa alivua bangili yake. Ilikuwa bado inaongea, inamwita dada yangu. Akaibusu, akampa Zamda. "Wewe umewafunga wengi huko hospitali. Huyu wamemwacha tangu vuli."

Zamda alimtazama Tabia. Tabia hakusema ndiyo. Alijaribu kufungua kifungo cha bangili yake, kikamshinda, akajaribu tena, kisha akaiweka mkekani juu ya zile nyingine na kuondoa mkono wake haraka.

Kwenye bangili ya Zamda jina la Lyatuu lilikuwa likiwaka. Alilifuta. Akatafuta mahali pengine, mahali ambapo aliombwa asipaguse, na akaweka kidole gumba, na akakishikilia hapo jinsi alivyokuwa akishikilia kope za wagonjwa wake waliokufa zisifunguke tena.

"Niko nji—"

Ukimya ulikuwa mkubwa kuliko walivyotarajia. Bi Mwanjaa alivua kanga yake moja mabegani, akamrushia Zamda, na Zamda akaitandaza juu ya rundo lile, akaisawazisha pembeni, akaweka na bangili yake mwenyewe chini yake.

Kutoka mlimani upepo ukaleta sauti za wanaume. Allahu akbar. Walikuwa wameshamaliza na Kopwe. Sasa walikuwa wanamsalia yule mwingine.

Tabia ndiye aliyeanza. Siku nzima alikuwa amechota maji, amepika, amegombana, na alimlilia shemeji yake huku akikoroga sufuria. Sasa alikaa chini kabisa, kwenye vumbi la mbele ya ngazi, akamwita Hoza kwa jina, kwa sauti ya juu, kama anavyoitwa mtu aliyekufa leo. Na wanawake wa Mkuzwe wakashuka ngazi, mmoja mmoja, wakakaa chini pamoja naye.